Shamba Lililofagiliwa Mpaka Likachoka

Jua ndiyo kwanza linachungulia na umande haujakauka, lakini sketi ya Mama Mundu imeshalowa magotini. Amepiga magoti katikati ya shamba ambalo si lake. Anafunua majani makavu yaliyotandazwa chini, taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga asije akamwamsha.

Chini ya majani kuna udongo mweusi wenye unyevu. Anasogeza uso karibu, anatazama, anafunika. Anasogea mbele kidogo na kufunua pengine.

"Umeona nini?" anauliza wifi yake, aliyesimama pembeni mikono kiunoni.

"Nimeona udongo."

"Udongo hata mimi ninao uani kwangu."

"Basi piga magoti uangalie mwenyewe, wifi. Na hapo usikanyage! Unakanyaga watoto wa watu."

Wifi anaruka kando, anainama, anakodoa macho. Pale alipokuwa anataka kuweka mguu pametokeza majani mawili madogo ya duara, yasiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati.

"Hiki nacho ni nini?"

"Kunde pori. Yule uliyekuwa unamng'oa."

Mwenye shamba ni huyo wifi, dada wa mume wa Mama Mundu. Mtaani wanamwita Mama Fagio, kwa kuwa ua wake hufagiliwa asubuhi, mchana na jioni, na hata kuku wakipita pale hupita kwa adabu. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayomlisha tangu alipofiwa na mume.

Jumamosi mnunuzi wa mifugo anakuja. Shamba hili lisipoota, kiangazi kijacho ng'ombe hawatakuwa na cha kula, na wote wawili watapanda gari lake.

Mama Mundu mwenyewe hana ng'ombe. Kazi yake ni kukata majani na kuwauzia wenye mifugo. Hukata asubuhi umande ukishapungua, huyatandaza juani, mchana huyageuza, na yakikauka huyashindilia ndani ya sanduku la mbao na kuyafunga kamba yakawa robota. Robota moja huuzwa kwa bei ya mikate mitatu. Msimu mzuri hupata marobota kama mia mbili. Msimu mbaya hafikishi hata nusu.

"Watu wanadhani majani ni ya bure kwa kuwa yanaota yenyewe," anasema. "Nikiwaambia waje wakate wao, wote wanakumbuka wana shughuli."

Mundu wake umelika mpaka umekuwa mwembamba kama mwezi mchanga. Mpini ameufunga kwa mpira wa tairi, kazi ya mume wake, fundi baiskeli, ambaye kila akiutengeneza humwambia kwamba mundu ule unatunzwa kuliko yeye.

Malisho wanayoyatumia yalikuwa ya mama mkwe. Alipofariki, yaligawanywa katikati: nusu kwa mwanawe wa kiume, nusu kwa binti yake. Hayakuwa yamewahi kulimwa. Mlikuwa na nyasi ndefu na fupi, mimea ya kutambaa ya jamii ya kunde, na majani mapana yenye vijiua ambavyo ukivipita bila kuangalia huvioni.

Mama Mundu aliishia shule ya msingi, tena hakuimaliza. Mimea yake mingi haijui kwa majina ya vitabuni, kwa hiyo ameipa majina kwa tabia. Nyasi ngumu inayouvunja mundu anaiita Mbishi. Ile inayotoa mbegu wakati wenzake wameshakauka ni Mchelewaji. Kunde inayotambaa ameiita Jirani, "maana haikai kwake."

Mama Fagio alipokabidhiwa nusu yake, alifanya kile anachokijua. Alisafisha. Alilima, akachoma, akapanda nyasi ya aina moja tu, ndefu, nzuri, iliyosimama kwa mistari. Kitu chochote kilichojitokeza katikati ya mistari alikitoa kwa jembe. Jirani alikuwa akirudi kila wiki, na kila wiki alikuwa akitolewa.

"Nilimwambia, wifi, hili ni shamba, si sebule," anakumbuka Mama Mundu.

"Na mimi nikamwambia, lako hilo ni msitu," anajibu Mama Fagio. "Nilimwambia siku moja tutamkuta chatu humo na hatutashangaa."

Kusema kweli, Mama Fagio alikuwa na haki ya kujivuna. Miaka miwili ya mwanzo mvua ilikuwa nzuri, aliweka mbolea, na nyasi yake ilimpita Mama Mundu kimo na wingi. Ng'ombe walinenepa. Watu waliopita njiani walisimama kutazama ile mistari. Kila wawili hao walipokutana kisimani, Mama Fagio hakukosa la kusema.

"Wifi, hujambo? Na chatu hajambo?"

Mwaka wa tatu mbolea ilipanda bei, akaweka kidogo. Nyasi ikawa ya njano. Kiangazi kikaja kirefu kuliko kilivyozoeleka, na mvua ilipoanza, viwavijeshi wakafika nayo.

Wale waliowahi kuwaona hawahitaji kuelezwa. Wadudu weusi, wengi, wanaotembea kwa pamoja kama waliopewa amri. Mama Fagio alisikia mchakacho shambani, kama mvua ya rasharasha, akatoka kuanua nguo. Nguo zilikuwa kavu. Jioni yake mistari ilikuwa imebaki vijiti.

Kisha mvua ikakatika kwa wiki kadhaa. Mashina yaliyokuwa yamebaki yakanyauka mpaka mzizini.

Upande wa pili viwavi walikula pia. Nyasi za Mama Mundu ziliparuliwa vibaya, na hilo halifichi. Lakini kunde hawakuigusa, wala majani mapana. Udongo ukabaki umefunikwa. Mvua iliporudi, nyasi zikachipua tena, na hata Mbishi akatoka akiwa mbishi vilevile.

Msimu huo Mama Mundu alipata marobota themanini na kitu. Ni hasara, lakini alikuwa na kitu cha kufunga kamba. Mama Fagio hakufunga hata moja. Ilibidi ng'ombe wake wa tatu auzwe ili wawili waliobaki wapate kula.

Bibi shamba wa eneo hilo, dada kijana anayekuja kwa pikipiki na buti zilizojaa tope, anasema tofauti ya pande hizo mbili inaelezeka.

"Mimea ikiwa ya aina nyingi, mizizi inagawana kazi," anasema. "Mmoja anakunywa maji ya juu, mwingine anayafuata chini kabisa. Jamii ya kunde inachukua rutuba ya hewani na kuiweka mizizini, na nyasi za jirani zinafaidi. Viwavijeshi wanapenda nyasi na nafaka. Shamba la nyasi peke yake kwao ni sahani iliyokwisha kupakuliwa."

Hata hivyo hataki kupamba mambo. "Mvua ikiwa nzuri na mbolea ipo, shamba la aina moja linaweza kutoa zaidi. Mama Fagio hakuwa anaota. Shida ni kwamba mwaka mbaya haupigi hodi."

Ndipo likaja swali la kulirudishia lile shamba mimea yake. Mbegu za mchanganyiko kama ule haziuzwi dukani. Bibi shamba alikuwa amesoma kwamba zinaweza kuhamishwa pamoja na majani. Mama Mundu alikuwa ameshaona kwamba pale kando ya njia anapotandaza majani yake kukauka, kila mwaka huota vitu. Walipokaa wakaongea, wakakuta wanazungumza jambo moja.

Mpango ulikuwa huu. Mbegu zikikomaa, Mama Mundu akate majani asubuhi na kuyabeba yakiwa bado mabichi, kabla hayajamwaga mbegu, akayatandaze kwenye udongo mtupu wa wifi yake. Yatakaukia hapo, yatamwaga mbegu hapo, na yenyewe yatakuwa blanketi la udongo mpaka mvua nyingine. Asikate kote. Aache mikanda bila kuigusa, ili akina Mchelewaji nao wapate kuzaa.

Majani anayoyatandaza chini hayauziki. Mume wake alipoona mzigo wa tatu ukielekea upande wa dada yake, uvumilivu ulimwishia.

"Sasa hayo yote yanakwenda huko, sisi tutauza nini?"

"Tutauza sura yako."

"Nakuuliza la maana, mke wangu."

"Na mimi nakujibu. Ni dada yako, si wangu. Ng'ombe wake wakienda, atakuja kula kwa nani?"

 Kesho yake fundi alifunga mzigo wa nne nyuma ya baiskeli na kuupeleka mwenyewe.

Walimaliza. Shamba lote likafunikwa. Mama Mundu akaenda kulala na mgongo wake, kama anavyopenda kusema, maana siku hizi mgongo ni mtu wa tatu kitandani.

Baada ya siku tatu akapita kuangalia. Hakuamini macho yake. Sehemu ya shamba, karibu theluthi nzima, ilikuwa tupu, safi, na majani yamekusanywa kwenye marundo matatu yaliyopangwa sawasawa. Mama Fagio alikuwa ameshika reki, jasho linamtiririka, anaelekea kwenye rundo la nne.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Yalikuwa yamezagaa! Nikaona, si yamekauka? Niyakusanye, ng'ombe wale."

"Hizo ni mbegu, wifi! Umezoa mbegu!"

"Sikuzoa zote," alisema Mama Fagio, akaangalia reki, kisha akaiweka chini.

Leo wanacheka wakilisimulia. Siku ile hawakucheka. Mama Mundu alirudi nyumbani bila kuaga, na kwa muda mrefu wakawa wanapishana kisimani kama wageni. Hasira ilipopoa, majani yale yalikuwa yameshaingia midomoni mwa ng'ombe, na msimu wa mbegu umepita. Hapakuwa na mengine.

"Mkono ulikwenda wenyewe," anasema Mama Fagio, sauti imeshuka. "Mama alitufundisha kwamba uchafu chini ni aibu ya mwenye nyumba. Nimefagia miaka yote hiyo, hakuna aliyeniambia kuna kitu cha kuachwa kilale."

Mvua ndiyo iliyowapatanisha. Ilipoanza, Mama Mundu alishindwa kukaa. Akatoka, akapiga magoti.

Asubuhi hii anamaliza kukagua jua likiwa limepanda. Pale palipobaki na blanketi, karibu kila anapofunua pametokeza kitu: nywele za nyasi zilizosimama wima, vile vijani vya duara vya Jirani, na vingine ambavyo hata yeye bado hajavitambua. Pale palipofagiliwa hakuna. Maji yamechimba vijifereji na kuteremsha udongo hadi njiani.

"Kwa hiyo limeota," anasema Mama Fagio. Analisema kama anauliza.

"Limeota, wifi. Si lote, lakini limeota."

Mama Fagio anafunika uso kwa kitenge. Mama Mundu anajifanya anatafuta mundu wake.

Bibi shamba anafika saa nne, anavua kofia ya pikipiki, anazunguka shamba lote. Anafurahi, kisha anasema jambo ambalo kila mmoja alikuwa analiogopa. Vichanga hivi havifai kukatwa wala kuliwa na ng'ombe mwaka huu. Vinahitaji msimu mzima vishike mizizi. Vikikatwa sasa, kazi yote imekwenda na maji.

"Na ng'ombe wangu wawili?" anauliza Mama Fagio.

Mama Mundu anatazama upande wake, kule ambako nyasi zimefika kiunoni. Anapiga hesabu kichwani, midomo ikicheza.

"Mmoja naweza," anasema hatimaye. "Nikipunguza ya kuuza, mmoja nitamlisha mpaka mvua nyingine. Wawili siwezi, wifi. Nikikuambia nitaweza, nitakuwa nakudanganya."

Jumamosi mnunuzi anakuja na gari lake. Mama Fagio ameshaamua. Ng'ombe mkubwa, aliyekamuliwa miaka mingi, anapandishwa. Mdogo, mwenye mimba ya kwanza, anabaki. Mnunuzi anajaribu kumshawishi: shamba lenyewe hili, mama, ona, limejaa magugu, utamlisha nini?

"Magugu?" Mama Fagio anamkatiza. "Baba, shuka kwanza kwenye magugu hayo. Umekanyaga."

Anasimama akilitazama gari mpaka likate kona. Kisha anamshika ng'ombe aliyebaki kamba na kumpeleka upande wa pili, kwa wifi yake, ambako atakaa kiangazi chote.

Ile theluthi iliyofagiliwa ndiyo kazi inayofuata. Mama Mundu hataki kungoja mbegu. Wiki hii, udongo ukiwa bado laini, atachimbua mashina kwake, ayagawe vipande vipande, na kuyapandikiza pale kwa mkono, ya kila aina, bila mistari. Mbegu za msimu ujao zitakuja kujaza palipobaki. Kipato chake mwaka huu kitakuwa kidogo, analijua hilo, na rangi aliyotaka kuipaka nyumba yake itasubiri. Anatumaini kiangazi kitakuwa kifupi. Kikiwa kirefu, anasema, watabanana.

"Mdogo akizaa, maziwa tutagawana," anasema, huku akimkatia ng'ombe mgeni majani ya kwanza. "Na mwaka kesho nataka wifi awe na majani yake mwenyewe ya kukata, ng'ombe arudi kwake. Hilo tu. Mundu wa pili nimeshamnolea."

Mama Fagio, aliyeinama kwenye kijifereji akikiziba kwa mawe, anainua kichwa.

"Ni mzito?"

"Ni mwepesi kuliko reki."