Gari Alilolifua Mzee Pasi

Kibaraza chetu kilikuwa kimoja. Upande huu mimi na cherehani yangu, upande ule dobi na meza yake ya kupigia pasi. Watu walimwita Mzee Pasi, naye aliitika bila kinyongo. Mimi mdomo wangu hauna pazia, kila mtu anajua. Wake ulikuwa na kufuli.

Siku moja mke wa mtu alifika amefura, akashika kiuno mbele ya meza yake. "Dobi, shati la mume wangu la juzi lilikuwa na rangi ya mdomo. Ndiyo au siyo?"

Mzee Pasi hakuinua hata uso. "Mama, mimi naona madoa. Watu siwaoni."

Nilicheka hadi nikakosea mshono. Lakini ndiyo sababu wateja walimpenda. Kilichotoka mfukoni au kwenye kola ya mtu kiliishia kwenye beseni lake.

Basi hospitali moja ikataka kumpa mashuka yake yote ayafue, kwa sharti kwamba yaletwe asubuhi ndani ya gari, si kwenye toroli. Mzee Pasi na mkewe walikuwa na kiwanja walichokihangaikia tangu ujana, ili siku moja waage nyumba za kupanga. Wakakiuza. Mama watoto alisita sana, kisha akasema mashuka yatawanunulia kingine. Maskini, alisema akitabasamu.

Gari wakauziwa na Bwana Tai, mteja wetu, aliyevaa tai hata akienda kununua vocha. Lilikuwa jeupe, limeng'arishwa, ukijitazama mlangoni unajiona. Kabla ya kutoa fedha Mzee Pasi alimuuliza, na mimi nilisikia kwa masikio yangu haya, "Bwana, halijapata ajali? Halijaingia maji?"

Bwana Tai akacheka. "Maji? Labda ya kulioshea!"

Tukacheka wote. Wakatia saini karatasi juu ya boneti, imeandikwa kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Hivyo ndivyo tulivyouziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndani mlikuwa na harufu ya uvundo. Mtu mwingine angeita fundi magari. Mzee Pasi aliita sabuni. Aling'oa mazulia, akavua viti vitambaa vyake, na chini yake akakuta tope zito limekaukia kila kona. Akalisugua kwa brashi tangu asubuhi, maji machafu yakienda mtaroni, huku akipiga mluzi. Jioni mazulia yalining'inia kwenye kamba pamoja na mashuka. "Njoo unuse," aliniambia. Nikanusa. Kweli, gari lilinukia kama nguo za harusi.

Halafu gari likaanza vituko. Honi ilijipigia yenyewe, taa zikawaka mchana na kukataa usiku. Likazima langoni mwa hospitali na mashuka ndani. Liliporudia mara ya tatu, hospitali ikampa kazi mtu mwingine. Fundi umeme wa magari akafungua chini ya usukani, akavuta nyaya zilizooza kwa kutu, akatikisa kichwa. "Mzee, gari hili lilizama. Pole sana. Kulitengeneza ni sawa na kununua jingine."

Mzee Pasi alikwenda kwa Bwana Tai kwa adabu zote. Akajibiwa mlangoni, bila hata kukaribishwa kiti, "Ulilikagua, ukalipenda. Mimi pia niliuziwa hivyo hivyo."

Mimi ndiye niliyemkokota hadi ofisi ya msaada wa kisheria. Wakili alikuwa binti mdogo, mpole, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Baba, aliyekuuzia ni mtu binafsi, si muuza magari," alisema. "Huyo hadaiwi dhamana ya ubovu, na karatasi inasema kama lilivyo. Lakini ulimuuliza kuhusu maji, akakujibu. Kama alijua akakudanganya, unaweza kudai mauzo yavunjwe, achukue gari lake, arudishe fedha zako. Au akulipe fidia. Tutamwandikia barua ya madai, akikataa twende mahakamani. Ila lazima tuthibitishe kwamba alijua. Lile tope liko wapi?"

"Nililifua."

"Lote?"

"Mwanangu, mimi ni dobi."

"Hata picha hukupiga?"

"Picha ya tope? Ya nini?"

Wakili aliweka kalamu chini. Mama watoto akamwambia, "Sisi tunataka kiwanja tu. Gari sitaki hata kulisikia."

Barua ilipelekwa, ikapuuzwa. Tukafika mahakamani. Bwana Tai alisimama ndani ya shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na kazi ya nani usiniulize. Akasema hakujua lolote kuhusu maji, na yale ya kibarazani yalikuwa utani. Fundi umeme akaeleza kutu. Nami nikaeleza nilichosikia, hadi hakimu akaniomba nipunguze sauti. Kisha akamgeukia Mzee Pasi.

"Una jambo lolote linaloonyesha kwamba mdaiwa alijua gari liliingia maji?"

Mzee Pasi alilitazama shati lile kwa muda mrefu. "Hakuna, mheshimiwa."

Kesi ikaanguka.

Nje tuliketi kwenye benchi, yeye na mimi, mkewe amesimama nyuma yetu. Ndipo alipofungua mdomo.

"Wakati wa mafuriko ya masika, kabla hajaniuzia gari, aliniletea shati. Lilikuwa tope tupu, mbele na nyuma. Ila kifuani palikuwa na mstari safi, hivi." Akapitisha kidole kutoka begani hadi kiunoni. "Nilishangaa tu, nikafua. Fundi aliposema gari lilizama, nikaelewa. Ule ulikuwa mkanda wa gari. Alikuwa amekaa ndani."

Niliruka kutoka kwenye benchi. "Mzee! Na mbele ya hakimu ukasema hakuna?"

"Nguo ya mtu ni siri yake."

"Hata ya mwizi?"

"Kiwanja kimekwenda. Mashuka yamekwenda. Nikianza kutangaza nguo za watu, kesho nani ataniletea hata soksi?"

Nililia kwa hasira, siku hiyo, mchana kweupe, na sijui kama nilimlilia au nilitaka kumpiga. Nyuma yetu mama watoto alisema neno moja tu, "Kumbe." Akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani peke yake kwa miguu.

Wiki iliyofuata Bwana Tai alikuja kibarazani na mfuko wa nguo, kama kawaida. "Mzee, ya mahakamani yaishie mahakamani," alisema.

Mzee Pasi akaupokea. Akatoa shati la juu, akaligeuza kwenye mwanga kutafuta madoa. "Ijumaa, bwana."

Siku zote aliyeanika alikuwa mkewe. Safari hii Mzee Pasi alianika mwenyewe, shati moja moja, huku mama watoto amekaa mlangoni, mikono mapajani, akimtazama.