Mrija Wenye Mpira Mwekundu

Fundi baiskeli ana vidole vinavyosikia. Hupapasa tairi akajua linavuja wapi kabla hajalitia majini, na midomo yake huichunguza vivyo hivyo kila asubuhi. Mdomo ukianza kumwasha tu, hata lengelenge halijatokeza, hunawa mikono, akakata ukanda wa mpira mwekundu wa tyubu na kuufunga kwenye mrija wake wa pombe.

Akiteng, mkewe wa juzijuzi, hakulijua hilo. Kule Ngora mume na mke hunywa pombe ya ulezi kwa mrija mmoja, wakipokezana kando ya chungu. Jioni moja akaunyooshea mkono mrija wa mumewe, naye akauvuta kando. Majirani wakaangua kicheko.

"Fundi, bibi harusi umeshamchoka?" Okurut, mmoja wao, akatania.

Akiteng akaurudisha mkono. Busu lilishakatika tangu juzi, na leo hata mrija!

Fundi akamwinamia, sauti ndogo kama pumzi inayotoka kwenye vali. "Tazama pembe ya mdomo. Kidonda hiki nilikipata utotoni, hakiishi, huja na kwenda. Kikitoka ndipo huambukiza zaidi. Ndiyo maana ya mpira huu; sitaki kiwe chako."

"Si ungesema, wewe!"

"Niliona haya."

Siku hizi ukanda huo hufungwa na Akiteng, na yeye ndiye hukagua mdomo.

"Kigaga kimeshadondoka," fundi hubembeleza.

"Ngozi bado. Kaa na mrija wako."

Siku Akiteng anapoufungua ukanda, fundi humpa mrija anywe kwanza, akasahau kabisa kwamba naye ana kiu.