Mtihani wa Kusimama Wima Ujiji

Nilitumwa Kigoma kuwafundisha vijana kusimama. Msicheke. Ninyi wa hapa Tabora mnajua jinsi makadeti wetu wa Kikristo wanavyopendeza Jumapili ya vijana: kaki zimepigwa pasi, kofia zimelala upande, bunduki za mbao begani, na filimbi yangu juu ya yote. Wenzetu wa Kigoma wakaandika kuomba mwalimu. Mkuu wa mafunzo akasema ugonjwa wa vijana wa siku hizi ni kukosa utii, na dawa ninayo mimi. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu mnyenyekevu.

Jioni nilipanda treni nikiwa nimevaa sare yangu kamili, ili abiria wapate mfano. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na kapu la karanga aliniuliza kama mimi ni askari.

"Ni askari wa Bwana, mama."

"Haya baba," akasema, akalivuta kapu upande wa pili wa miguu yake.

Kesho yake asubuhi, Kigoma, nilipokewa na Mchungaji Andrea, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Tulikunywa chai kwake Katubuka, kisha tukaenda kanisani. Uwanja wote ulikuwa umefunikwa turubai. Ilikuwa ile miaka ambayo watu wa Burundi walikuwa wakifika ufukweni karibu kila wiki, na waliofika walilala pale kanisani wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Nami nilikuwa nimeomba uwanja usio na vizuizi.

Makadeti ishirini waliingia kwa mwendo wa gwaride kunipokea. Bunduki niliagiza zichongwe mapema, na fundi wa Buzebazeba alifanya kazi yake vizuri mno, hata rangi nyeusi akapaka. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye turubai walitoweka. Niliwaona baadaye, wamejibana chini ya mabenchi ya kanisa.

"Mwalimu," akasema Mchungaji, "hawa watoto wamekimbia watu wenye sare."

"Watatuzoea. Hii ni sare ya amani."

Mchungaji aliitazama bunduki ya kadeti wa kwanza, kuanzia kitako hadi mdomo wake. Nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Kwa kuwa uwanja haukuwa wetu tena, nikahamishia mafunzo Ujiji, ufukweni. Pale nilimkuta Bi Zuhura, mwenyeji wa Ujiji tangu enzi za baba zake, akianika dagaa mchangani. Siku ya kwanza tu alinijia, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, jeshi lako linakanyaga dagaa wangu."

"Hili si jeshi, mama. Ni vijana wa kanisa."

"Dagaa hawajui tofauti."

Tulikubaliana mpaka, nikauchora kwa fimbo yangu ya gwaride. Wiki nzima vijana walijifunza kugeuka, kupiga saluti na kunyamaza. Walikuwa hodari, isipokuwa binti mmoja wa Mwandiga, Leokadia. Mguu wake wa kushoto haukuwa na habari na wa kulia. Tena alichelewa kila siku. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba alikuwa akigawa uji kwa wakimbizi, na foleni haiishi kwa filimbi. Nikaandika: mchelewaji, ana majibu.

Asubuhi ya Jumamosi ndiyo ilikuwa ya mtihani wa utii. Kitabu changu kinasema kadeti atasimama wima nusu saa bila kutikisika, litokee litakalotokea, na atakayetoka mstarini bila amri ameanguka. Niliwapanga wakiangalia ziwa, bunduki begani, nikapuliza filimbi. Walisimama vizuri; ningekuwa Mwislamu kama Bi Zuhura ningeapa wallahi.

Dakika ya kumi hivi, mtumbwi mkubwa ulitokea upande wa kaskazini. Ulikuwa umejaa akina mama, watoto na mafurushi, umezama hadi karibu na ukingo. Upepo ulikuwa umeanza kukaza. Walifika mahali ambapo tungeweza kuhesabu vichwa. Macho ya makadeti yakaanza kutembea, na mimi nikapuliza filimbi kuyarudisha mbele.

Ndipo mwanamume mmoja mtumbwini akasimama akatunyooshea kidole. Mara makasia yakaanza kupigwa kinyume. Mtumbwi uligeuka, wimbi likaupiga ubavuni, maji yakaingia. Tulisikia watoto wakilia. Walikuwa wakirudi katikati ya ziwa, kwenye upepo, kwa sababu yetu, na mimi nilikuwa nimeelewa. Nilifungua mdomo, na kilichotoka nakisema kwa aibu.

"Tulia hivyo hivyo!"

Kumi na tisa walitulia. Mmoja alikuwa akilia, machozi yanamfika kidevuni, lakini hakutikisika.

Leokadia aliitupa bunduki mchangani. Bi Zuhura alikuwa ameshavua kanga ya kichwani. Alimrushia, na yule binti akajifunga juu ya kaki yake, akaingia majini hadi kifuani.

"Mwakeye!" aliwasalimu. "Nimuze, ntimutinye!" Njooni, msiogope. Kiha chake hakikuhitaji mkalimani kwa Mrundi.

Makasia yalisita, lakini mtumbwi haukugeuka. Leokadia akageuza shingo akanitazama.

"Mwalimu, waambie waweke chini hizo bunduki. Wakae."

"Wekeni bunduki chini," nikasema. "Kaeni."

Walikaa walipokuwa, wengine juu ya dagaa. Bi Zuhura aliwaacha. Mimi nilikaa pia, filimbi nimeificha kiganjani. Ilichukua muda mrefu, nami sijawahi kuomba vile maishani, mpaka pua ya mtumbwi ikatuelekea tena. Mtoto wa kwanza kushushwa alipokewa na Leokadia, na wa pili nikampokea mimi, baada ya kuvua shati langu.

Watu walipokwisha kushuka wote, Leokadia alisimama mbele yangu akichuruzika maji, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Samahani, Mwalimu. Nimetoka mstarini bila ruhusa."

"Mpe basi," akasema Bi Zuhura, akiokota dagaa wake mmoja mmoja.

Nilimrudishia saluti, na nadhani mimi pia nilikosea mkono.

Jumatatu Mchungaji Andrea alinisindikiza stesheni. Nilimwachia zile bunduki ishirini, naye akanihakikishia kwamba zinaivisha uji haraka. Nilisafiri nikiwa na shati la kiraia, na mwenzangu behewani alinikaribisha ndizi bila kuombwa.

Tabora nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mafunzo. Alivaa miwani akaifungua fomu yangu.

"Vijana ishirini. Waliofaulu utii wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Hao kumi na tisa walifanya nini?"

"Walinitii," nikamjibu.