Kumkanda Mzazi Kopenhagen

Meneja wangu alifungua kitabu cha ramani, akaweka rula juu ya bahari, akanisomea kama mwalimu wa darasa la pili: London mpaka Kopenhagen, kilomita mia tisa na hamsini hivi, kwa ndege, saa moja na dakika hamsini.

"Nenda Jumamosi, rudi Jumapili," akasema. "Jumatatu nakutaka kazini."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, Barking, huko huko London. Kila asubuhi niliwaogesha mama za watu, nikawapaka mafuta, nikawavisha soksi. Mdogo wangu wa pekee alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Kopenhagen, na kwetu Unguja mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini, akafungwa tumbo kwa mkaja, akanyweshwa uji wa pilipili manga. Mama alikuwa amebaki Unguja, magoti yameshamkatalia safari. Alinipigia simu akaniuliza neno moja tu: "Utamkanda?"

"Nitamkanda, mama."

Nilipomweleza meneja haya yote alicheka kidogo, akasema hospitali za kule ni nzuri sana. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunanichoma mpaka leo, maana ulimi ninao, na anayenijua anaujua.

Basi nikaenda na ujinga wangu: nilijiambia nitazibana siku arobaini ndani ya mbili. Nilifika Jumamosi asubuhi, sikuvua hata koti, nikabandika sufuria. Nikamkanda asubuhi, adhuhuri na jioni. Jumapili nikaanza tena kabla hajanywa chai. Maji yalikuwa moto kupita kiasi na mikono yangu ina haraka. Mdogo wangu alivumilia weee, mwisho akanishika mkono.

"Dada, unaniunguza."

Nikatazama kiuno chake, ngozi imeiva. Niliona aibu. Hata wale wazee wa Barking, ambao si ndugu zangu, sikuwahi kuwashika vile.

Jioni shemeji alikuwa ameshaweka begi langu mlangoni, teksi imeitwa. Mdogo wangu hakuniomba nibaki. Alisimama akijaribu kujifunga mkaja mwenyewe, mkono mmoja umebeba mtoto, na nguo inamteleza. Hapo hasira zikanipanda. Nilimkasirikia meneja, ndiyo, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe, mimi niliyekubali kupimiwa udugu kwa rula.

Nikapiga simu kazini. Meneja alikuwa zamu.

"Kesho siji," nikamwambia. "Nitarudi zikitimia arobaini."

"Lakini ni saa moja na dakika hamsini tu!"

"Hiyo ni ndege. Mimi nimekuja kukanda."

Akasema basi nisitegemee kuikuta kazi yangu. Nikamjibu ampe mwingine, na amchague mwenye mikono mizuri, kwa sababu bibi wa chumba cha mwisho hapendi kuvutwa. Nikakata simu kabla hajanijibu.

Shemeji akatoka kuirudisha teksi. Mdogo wangu akaanza kulia.

"Dada, na kazi yako?"

"Kazi zipo. Lala."

Nikaongeza maji ya baridi kwenye beseni, nikatia kiwiko kupima joto, nikaanza upya, taratibu.