Siku Niliyokimbilia Upande Wetu

Chekeni tu, najua mmeshaiona ile video, kila mtu kaiona, hadi mwalimu wangu wa darasa la nne kaiona na akaniandikia kunipa pole. Kwa hiyo sina cha kuficha, aibu yangu imenitangulia kila nyumba. Lakini video yenyewe ni ya sekunde ishirini, haioneshi nilifikaje pale, na mimi nataka mjue kwamba ujinga wote ule ulianza na neno moja, "ndiyo", nililomwambia Mmarekani nikiwa nimeshika birika la chai.

Huyo Mmarekani ni Rendi, bosi wangu kule Riyadh. Nilikuwa dereva wake, asubuhi namtoa kwenye zile nyumba zao za ndani ya ukuta, nampeleka kwenye bohari la kampuni huko Sulai, jioni namrudisha. Si mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: timu ya kwao. Huko kwao wana mpira wanaouita futboli na mguu hauugusi ila mara moja moja wakiishiwa na maarifa. Wanavaa helmeti na mabega ya bandia, wanajipanga, wanagongana sekunde tatu, halafu wanasimama wanajadiliana weee mpaka unasahau walikuwa wanagombania nini (na nyinyi mnaomlalamikia refa wetu kuchelewesha mechi, nyamazeni). Na timu ya Rendi, jamani, ilikuwa takataka. Mwaka huo walileta kocha mpya, jamaa mwenye kofia na taulo shingoni, akapigwa mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila akipigwa anasimama mbele ya maikrofoni anasema, "Tunajenga." Kapigwa na timu iliyokuwa inashika mkia: tunajenga. Kapigwa nyumbani kwake watu wakaondoka kabla mechi haijaisha: tunajenga. Mwanamume kajenga Septemba, Oktoba, Novemba, na sisi hata msingi hatujauona.

Mtaniuliza, mimi mtu wa Kitale ilinihusu nini? Ilinihusu kwa sababu ya karatasi ya likizo. Nilikuwa nimemposa Nasimiyu, na baba yake, Mzee Wekesa, alikuwa ametoa sharti moja tu: Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, siku ya kupeleka mahari, anitazame kwa macho yake. Mambo ya kuposa kwa simu hataki, kwa sababu jirani yake alishaozesha binti kwa simu kwa bwana wa Dubai na mpaka leo bwana huyo ni sauti tu. Sasa, kule Saudia hutoki kwa kutaka kwako. Rendi asaini, karatasi iende kwa kafili, yaani Msaudia aliyekudhamini, kafili atoe viza ya kutoka, la sivyo utakaa na tiketi yako mkononi hadi ifutike. Nikampelekea Rendi karatasi Oktoba. Akaiweka mezani. Jumatatu alasiri ndiyo alikuwa anaangalia marudio ya mechi pale ofisini, timu inapigwa, anakunja uso, anasema "si leo", na kikombe cha chai anakiweka juu ya karatasi yangu. Kufika Desemba ndoa yangu ilikuwa na alama za vikombe saba.

Basi Jumatatu moja, wamepigwa tena, Rendi ameshika kichwa, mimi nimeshika birika, akaniuliza kwa Kizungu chake cha puani, "Wewe, huu mchezo unaujua?" Ningesema sijui, leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini nilifikiria karatasi, nikaona huyu akipata wa kulia naye huenda moyo ukalainika, nikasema, "Ndiyo bosi, nimeucheza shuleni." Nilichocheza shuleni ni raga, tena mechi mbili, na ya pili niliingia kwa sababu wenzangu walikuwa na surua. Lakini mpira si ni uleule wenye ncha mbili? Nikajiambia tofauti ni kofia tu.

Wacha! Rendi akasimama. "Kumbe nina mchezaji kwenye gari langu!" Kumbe kila mwaka Wamarekani wa Riyadh wanakwenda Jeddah kucheza na Wamarekani wa huko, mtaa wa Nuzha, mchezo wa kirafiki usio na helmeti, na mwaka huo walikuwa wamepungukiwa na mtu. Akanishika bega. "Tukiwapiga watu wa Jeddah, nasaini papo hapo, uwanjani." Akaikunja karatasi na alama zake za vikombe, akaitia mfukoni pamoja na kalamu. Mimi nikasema, "Halas, bosi, hao ni wetu." Hao ni wetu! Nani alinituma?

Na kama hiyo haitoshi, nikampigia Barasa. Barasa ni mtu wa kwetu, tumekua pamoja, alikuwa anaishi Hindawiya, hukohuko Jeddah, na kufanya kazi ya ulinzi kwenye geti la nyumba za Wamarekani wa Nuzha tunakokwenda kucheza. Ningenyamaza tu, lakini mdomo huu! Nikamwambia Wamarekani wameniomba niwasaidie, yaani wamekwama, wamekosa mtu. "Bana, usiniambie," akasema Barasa. "Hiyo lazima niirekodi, wakwe zako waone mtu wanayempata." Nikamwambia arekodi vizuri, asitikisetikise simu.

Tukaendesha hadi Jeddah, Ijumaa alasiri tukaingia uwanjani. Nyasi zenyewe za plastiki. Rendi akanivalisha jezi ya timu yake, ile ya mikosi, inanifika magotini. Sikuchezeshwa mwanzoni, nilikaa pembeni na wake zao na watoto wao, natabasamu kama mtu anayejua. Mchezo wao una robo nne, na ya kwanza ilinipita nikishusha maji garini, kwa hiyo nilichokuwa najua ni kitu kimoja: nilipokaa tulikuwa tunafunga upande wa bwawa la kuogelea, wakapumzika, wakabadilisha, sasa tunafunga upande wa geti. Hiyo naijua, raga ni hivyo, mpira wa miguu ni hivyo, kila mchezo wa watu wenye akili ni hivyo, mnabadilisha mara moja basi. Tukawa tunaongoza kwa pointi moja, robo ya mwisho imekaribia, Rendi akanituma garini nilete barafu (nilikuwa bado dereva, msisahau). Nikaenda.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipozikwa. Hao watu wanabadilisha upande kila robo! Kila robo! Nani amewahi kusikia? Nimeinama kwenye buti natafuta barafu, huku nyuma uwanja mzima umegeuzwa na hakuna aliyeniletea habari. Narudi, sijaweka barafu chini, Rendi anapiga kelele, "Ingia, yalla, simama nyuma kule!" maana mtu wetu mmoja amekazwa na msuli, na wapinzani wameshaupiga teke mpira, uko hewani unanijia mimi.

Nikaudaka. Nauambia umati huu, niliudaka vizuri, hilo angalau mnipe. Nikatazama mbele, naona mijitu minene inanijia mbio. Nikatazama nyuma, upande wa geti, hakuna mtu. Uwanja mtupu! Na geti ndiko tunakofunga. Nikasema leo Mungu kanikumbuka, nikageuka, nikachomoka.

Nilikimbia sijawahi kukimbia vile. Nasikia Rendi nyuma yangu anapiga yowe, wenzake wanapiga yowe, wake zao wamesimama juu ya viti, mimi naona ni shangwe, naongeza mwendo. Jamaa mmoja wa timu yetu alinishika jezi na mimi, mpumbavu wa Mungu, nikamsukuma! Nikavuka mstari, na kwa vile kwenye raga lazima uuguse chini ndipo iwe trai, yaani bao, nikajirusha kifudifudi na mpira, nikabusu plastiki, nikainuka mikono juu namtafuta Barasa. Barasa alikuwa amekaa chini kando ya geti, anacheka hadi anatoa machozi, lakini simu, aki ya Mungu, haikutikisika hata kidogo.

Kumbe kwao ukiangukia na mpira nyuma ya mstari wenu wenyewe, wanaopewa ni wapinzani: pointi mbili kwa Jeddah. Tukashindwa kwa moja. Rendi alinijia taratibu, akatoa ile karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Kutoka Jeddah hadi Riyadh, safari ya kutwa nzima, alisema sentensi moja tu: "Hata kocha wetu hajawahi kufanya hivyo."

Alisaini Januari, wiki waliyomfukuza yule kocha, kwa furaha. Jumamosi yangu ilikuwa imeshapita. Siku yenyewe mjomba wangu aliwapeleka watu na ng'ombe, akasimama mbele ya wakwe na simu, mimi nikiwa kwenye kioo natoka jasho bohari kule Sulai. Mzee Wekesa akasogeza uso.

"Ni wewe yule anayekimbia?"

"Ni mimi, baba."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nyuma yake namwona Nasimiyu amejifunika leso usoni, mabega yanamtikisika, na sijui mpaka leo kama alikuwa analia au anacheka.

"Na binti yangu," akasema mzee, "yeye utampeleka wapi?"

Nawaapia nilitafuta la maana kichwani, nikakuta limebaki la yule kocha peke yake. "Tunajenga, baba."

"Basi ukimaliza kujenga, uje." Akamrudishia mjomba simu, na ng'ombe wakarudi nyumbani kwetu jioni hiyohiyo.

Tangu hapo nimeapa, mtu akiniuliza kama najua kitu, hata kumenya viazi, jibu langu ni sijui. Februari nilikwenda mwenyewe, nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa wazee mmoja mmoja. Mzee Wekesa alinipa chai, akanitazama kwa macho yake kama alivyotaka, akakubali. Nilipoinuka kuaga, akanishika mabega mbele ya watu wote, akanigeuza polepole.

"Mlango uko huku, mwanangu."