Hodi Jangwani

Kwa nini maji ya dumu letu yalinuka petroli? Nilimuuliza Mama mchana kutwa, naye akanijibu tu, "Tembea, mwanangu."

Juzi, kwenye kituo cha treni cha Bredäng, huku Ulaya tunakoishi sasa, niliona tangazo la utalii: matao ya mawe mekundu jangwani, na watu wenye fimbo za kutembelea wakitabasamu chini yake. Sisi tulipita matao kama hayo kwa miguu nilipokuwa mtoto, kwa kuwa lori lililotubeba lilishindwa na majabali. Niliyadhania milango ya Ulaya. Kwa kila tao nilisimama nikaita, "Hodi!"

"Karibu, pita," Mama aliitikia nyuma yangu, sauti imemkauka.

"Mbona hamna mtu ndani?"

"Wameenda kanisani. We pita tu!"

Jua liliwaka hadi kandambili zangu zikanuka mpira ulioungua. Kila nilipopewa maji nilikunywa funda moja, nikamlaani kimoyomoyo dereva wa lori aliyetupatia dumu lile. Nilimlaani hata nilipokuwa chuoni.

Mwaka jana tu, tukimenya ndizi jikoni, Mama aliniambia kwamba petroli ile aliitia yeye mwenyewe, kifuniko kimoja, ili nisiyamalize maji kabla hatujafika kisimani.