Ramani ya Kichwani

"Tangu Krismasi ya juzi mimi sijaoga," Mwongeli aliwaambia watu waliokusanyika nje ya zahanati ya Kiganjo. "Watoto wangu wakiona maji wanauliza hiyo ni nini. Na mwenye maji si huyu hapa, amesimama kama hajui kitu?"

Watu wakacheka. Ephantus hakucheka. Alishika ufunguo wake mrefu wa chuma, ule wa kufungulia mabomba, akaangalia kila mahali isipokuwa pale Mwongeli alipokaa.

Mwaka huo wa tisini na nne serikali ilikuwa imesema imechoka kubeba kila kitu. Maji wapewe wananchi wenyewe, wachague kamati, waamue. Maneno matamu kweli. Ila wafanyakazi nao walikuwa wanapunguzwa, na hakuna aliyejua wiki ijayo barua ni ya nani.

Ephantus alikuwa amefungua na kufunga maji ya Kiganjo miaka kumi na tisa. Ramani ilikuwa ofisini Thika, lakini mchwa waliila zamani, wakaacha pembe moja yenye muhuri. Iliyobaki ilikuwa kichwani mwake: valvu hii iko hatua tano kutoka kwa nguzo ya stima, ile nyingine iko nyuma ya choo cha kanisa. Zote zilikuwa zimefukiwa chini, na siku hizi kila akimaliza kazi alirudisha udongo na kuukanyaga vizuri, kama mtu amezika kitu.

Hiyo tabia alianza baada ya mambo ya Githinji, mwenzake wa Kimbo, upande wa Ruiru. Kamati ya huko ilimwomba ramani, naye akaichora kwa penseli za rangi, bomba bluu, valvu nyekundu. Wakampigia makofi. Wiki mbili baadaye akaletewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake, na vijana wawili wa kamati wakawa wanafungua maji wakifuata karatasi yake. Ephantus alipoenda kumwona, alimkuta amekaa mlangoni saa nne asubuhi, bado amevaa koti la kazi.

"Ata hizo penseli nilinunua mwenyewe," Githinji alisema.

Tangu siku hiyo mtu akibisha mlango, Ephantus anachungulia dirishani kwanza. Nyumba yenyewe ni ya serikali. Kazi ikienda, mlango unaenda nayo.

Kwa hivyo ile valvu kubwa ya zahanati aliificha kabisa. Mwongeli alipokuja kutafuta mahali pa kuuzia githeri, ni yeye alimwambia, "Kaa hapa kwa ua, mama, kuna kivuli." Akamwekea na jiwe la kukalia. Nani angemwambia Mwongeli asimame? Ephantus mwenyewe alikuwa akija alfajiri, akisukuma jiwe, akifungua, akilirudisha kabla sufuria ya githeri haijafika. Sasa mama alikuwa analilia maji akiwa ameyakalia.

"Tunataka maoni ya wananchi," ofisa wa maji aliyekuja na mkutano kutoka Thika akasema, biro mkononi.

"Maoni ni moja tu," akasema Salim wa buchari, mwenyekiti wa kamati, akimgeukia Ephantus. "Baba Ciku atuchoree ramani."

"Mimi sijui kuchora."

"Basi tembea nasi, utuonyeshe na kidole."

"Kidole kinauma."

Wakacheka tena, lakini si wote. Sista Apiyo, nesi wa zahanati, alikuwa amesimama mlangoni amefunga mikono.

"Baba Ciku," akasema polepole, "wiki iliyopita ulienda matanga Murang'a. Mama mmoja akajifungua hapa, mfereji umekauka. Mtoto nilimwosha na maji yangu ya chai. Mimi sikulaumu. Nauliza tu. Siku ukilala mgonjwa, nani atatufungulia?"

Ephantus alifungua mdomo. Akaliona tena akilini lile koti la Githinji. Jasho la mikono likafanya ufunguo uteleze, akaudaka, akauweka begani.

"Tunakungoja, mzee," Salim akasema.

Akaanza kwenda. Alijua wanaangalia miguu yake, waone atapunguza mwendo wapi. Akapita kando ya Mwongeli, karibu sana, suruali ikagusa sufuria, na hakupunguza.

"Ai, si ujibu sista," Mwongeli akamwambia, akijiweka sawa juu ya jiwe.

Ephantus alikuwa ameshapinda kona.